Akina mama 240 wa mwani: mabadiliko ni yetu, au ni ya bahari na bei?

Swali: Tuna shirika dogo lisilo la kiserikali, ofisi yetu iko Chumbageni, Tanga. Tangu mwanzoni mwa 2023 tunafanya kazi na akina mama 240 wanaolima mwani katika vijiji sita vya Mkinga na Pangani. Tumewapa kamba, tumewafundisha kulima kwenye maji ya kina, na tumeanzisha VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Kila mwaka tumekuwa tukiripoti idadi ya waliofundishwa. Sasa mfadhili anasema hataki tena idadi ya watu, anataka athari kwa jamii, na ametupa shilingi milioni 18 za kuipima. Mwanzoni hatukupima chochote. Tuanzie wapi?

Jibu: Kwanza, neno "athari" liacheni hapohapo ofisini. Kijijini watu wanalijua kwa ubaya: athari za mafuriko, athari za dawa. Mkifika Moa mkasema mmekuja kupima athari za mradi, mtu atajiuliza mradi umemdhuru wapi. Semeni mnataka kujua kilichobadilika na kilichokibadilisha. Hapo mtakuwa pia mmelieleza swali la mfadhili vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Swali lina sehemu mbili, na mashirika mengi hujibu ya kwanza tu. Ya kwanza: maisha ya akina mama hawa yamebadilikaje? Ya pili: yangebadilika vivyo hivyo hata kama nyinyi msingekuwepo? Kwenye mwani sehemu ya pili ndiyo yenye kazi, kwa sababu zao hili linasikiliza zaidi bahari na mnunuzi kuliko semina. Maji yakipata joto, mwani wa aina ya cottonii hufa na wa aina ya spinosum hubaki. Masika ikiwa kubwa, maji ya mto yasiyo na chumvi hupunguza chumvi ya bahari na mwani hunyauka. Bei ya kilo ikipanda, kila mkulima wa pwani nzima huonekana amefanikiwa, aliyefundishwa na asiyefundishwa. Shirika linalopima wanufaika wake peke yao, mwanzo na mwisho, huwa limepima bahari na bei, kisha likaweka nembo yake juu.

Kwa hiyo mnahitaji vijiji vya kulinganisha: vijiji vinavyolima mwani, ambavyo hamkuvigusa. Msivichague kwa ukaribu na barabara. Angalieni mambo matatu. La kwanza ni mto: kijiji kilicho karibu na mlango wa Umba, Zigi au Pangani hakifanani na kilicho mbali, hata kama vinapakana. La pili ni sakafu ya bahari na kina cha maji wakati yametoka, maana pale ndipo panapoamua kama mtu analima kwa mambo (vijiti vinavyochomekwa chini) na kamba au analazimika kutumia chelezo kinachoelea. La tatu ni mnunuzi. Kama vijiji vyenu vinauza kwa wakala mmoja na vile vingine kwa mwingine, tofauti ya bei itajificha ndani ya tofauti ya mradi.

Kuna mtego hapa ambao ni vizuri muukubali mapema. Vijiji vyenu sita hamkuvichagua kwa bahati nasibu. Huenda vilikuwa na mwenyekiti mchangamfu, au kikundi kilichokwisha kujipanga. Na ndani ya kijiji, waliojiunga ni wale wenye nguvu na ari. Ukimlinganisha mwanamke huyo na yeyote tu wa kijiji cha pili, umemlinganisha mwenye ari na asiye nayo. Dawa yake ni kuoanisha: kwa kila aina ya mwanakikundi wenu, tafuteni wa upande wa pili mwenye umri unaokaribiana, miaka ileile ya kulima mwani, idadi ya kamba alizokuwa nazo mwanzo inayofanana, na aliyekuwa kwenye upatu au VICOBA kabla ya 2023. Haiondoi tatizo lote, lakini inaondoa sehemu yake kubwa.

Mwanzo usiopimwa

Kukosa vipimo vya mwanzo ni hasara, lakini si msiba. Msijaribu kumuuliza mtu alipata shilingi ngapi miaka mitatu iliyopita. Atakupa namba kwa heshima, na namba hiyo haina thamani. Muulize vitu ambavyo kumbukumbu huvishika: alikuwa na kamba ngapi baharini, nyumba ilikuwa ya makuti au ya bati, watoto wangapi walikuwa shuleni, nani alikuwa akishika pesa ya mwani. Na wakati muufunge kwenye tukio ambalo kila mtu analikumbuka. Bahati nzuri mnalo: Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, miezi michache kabla hamjaanza. "Karani wa sensa alipokuja kwako, ulikuwa na kamba ngapi?" ni swali linalojibika. "Mwaka 2022 ulikuwa na kamba ngapi?" halijibiki vizuri.

Kisha tafuteni madaftari. Wakala wa mwani ana daftari la mizani, lenye tarehe, jina na kilo. VICOBA vina daftari la hisa na mikopo. Hayo yaliandikwa kabla ya mfadhili kuuliza, kwa sababu nyingine kabisa, ndiyo maana ni ushahidi mzito kuliko dodoso lolote mtakaloandika leo. Wakala akikubali kuwaonyesha jumla ya kilo kwa kila kijiji kwa miaka minne, vijiji vyenu na vile vya kulinganisha, nusu ya kazi imekwisha. Ombeni jumla ya kijiji, si ya mtu mmoja mmoja.

Kipimo chenyewe

Kilo kavu ndizo zipimwe kwanza, shilingi baadaye. Mwani mbichi ukikauka hubaki mdogo sana: takribani kilo saba hadi kumi mbichi hutoa kilo moja kavu, na "kavu" ya huyu si "kavu" ya yule. Mwani uliolazwa mchangani una uzito wa mchanga, uliokaushwa kwenye chanja hauna. Andikeni aina pia, maana cottonii huuzwa kwa bei ya juu kuliko spinosum. Kamba nayo si kipimo hadi ipimwe: urefu wake hutofautiana kijiji kwa kijiji. Chukueni futi kamba, pimeni chache kila kijiji, mpate mita.

Mkifika kwenye shilingi, toeni gharama: tai-tai (vikamba vya kufungia mwani), kamba, mambo, nauli ya mtumbwi, kibarua. Na kamba mlizogawa bure nazo ni gharama. Wekeni bei yake ya dukani. Mradi ukiisha hakuna atakayezigawa, na kama faida inatoweka mara tu kamba zinapolipiwa, hilo ni jambo la kujua sasa.

Swali la muda ndilo linaloharibu madodoso mengi ya pwani. Dodoso huuliza "mwezi uliopita", lakini mwanamke wa mwani hahesabu kwa kalenda ya ukutani. Kazi yake inakwenda kwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, kila siku kumi na nne au kumi na tano, na mwani huvunwa baada ya wiki kama sita, yaani mabamvua matatu. Ukimuuliza kuhusu mwezi uliopita, mmoja atakuwa amevuna mara moja na mwingine hajavuna kabisa, na utadhani mmoja ni maskini. Ulizeni: "Mara ya mwisho ulipouza, ulipima kilo ngapi? Mara ya kabla ya hiyo je?" Kisha mhesabu wenyewe.

Zaidi ya mwani, msipime mambo ishirini. Matatu yanatosha. Chakula: kuna kipimo kinachotumika duniani kote, cha makundi kumi ya vyakula, ambapo mwanamke wa miaka 15 hadi 49 aliyekula angalau makundi matano katika saa 24 zilizopita anahesabiwa kuwa na mlo wa kutosha kwa aina. Ni rahisi kufundisha na hakitegemei bei. La pili ni mamlaka juu ya pesa: nani aliamua pesa ya mauzo ya mwisho itumikeje, si "kwa kawaida nani huamua". La tatu ni madhara, na hili ndilo mashirika huliruka. Ulizeni saa anazokaa majini, maumivu ya mgongo, vipele. Ulizeni deni la VICOBA na kama kuna kitu kilichukuliwa kwa ajili ya deni. Ulizeni, bila mume kuwepo, kama baba amepunguza pesa ya matumizi tangu mama aanze kupata. Kipato cha mama kikipanda huku cha baba nyumbani kikishuka kwa kiasi hichohicho, kaya haijapata kitu, na mama ameongezewa kazi. Kuhusu maji ya kina, ulizeni nani anajua kuogelea. Kama wasiojua wamebaki nyuma, wastani wenu utakuwa unawaficha.

Na wakati wa kuuliza mambo ya chakula uchagueni kwa mwezi mwandamo. Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Wiki ya kwanza ya Machi 2023 ilikuwa kabla ya mfungo. Wiki hiyohiyo mwaka 2026 iko katikati ya mfungo. Aliyepima Machi na Machi, akijisifu kwamba amefuata msimu uleule, amelinganisha mlo wa kawaida na futari.

Watu wangapi wahojiwe

Huenda kuna mtu atawapa ile namba ya 384. Inatoka kwenye hesabu ya kukadiria kiwango kimoja tu cha asilimia katika idadi kubwa ya watu, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la pointi tano. Kwa watu 240 hesabu hiyo hushuka hadi 148. Lakini nyinyi hamkadirii kiwango kimoja. Mnatafuta tofauti kati ya makundi mawili, na watu wa kijiji kimoja hufanana. Bahari yao ni moja, wakala wao ni mmoja. Mwanamke wa ishirini katika kijiji hicho anakuongezea taarifa kidogo sana kuliko wa kwanza.

Tuseme kufanana huko ni 0.05, kiwango cha wastani (sifuri ni kutofanana kabisa, moja ni kufanana kabisa). Mkihoji watu 20 kwa kijiji, kila mahojiano yanapungua thamani karibu nusu: 120 wa vijiji sita wanakuwa na uzito wa kama watu 62. Mkihoji wote 40 wa kila kijiji, 240 wenu wanakuwa na uzito wa watu 81 tu. Yaani mmelipia mahojiano mara mbili, mmepata nyongeza ya watu 19.

Kwa hiyo ningepanga hivi: watu 20 katika kila kijiji chenu, jumla 120, waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya awali ya 2023, na watu 20 katika kila kijiji kati ya vijiji vinane vya kulinganisha, jumla 160. Mahojiano 280. Kwa mpango huu mtaweza kuona tofauti ya takribani pointi 23 za asilimia, kwa mfano wenye mlo wa kutosha wakiwa 50 kwa mia upande mmoja na 73 upande wa pili. Mkihoji 560 mtashuka hadi pointi kama 20. Sioni sababu ya kulipa maradufu kwa pointi tatu.

Orodha ya awali nimeisema makusudi. Msichukue orodha ya wanachama wa leo. Walioacha mwani, waliohamia Dar es Salaam au Unguja, waliojitoa kikundi kwa ugomvi wa mkopo, hao ndio ambao mradi huenda haukuwasaidia. Mkiwaacha, mmewahesabu waliofaulu peke yao. Aliyeacha kulima anaandikwa kilo sifuri, na anaulizwa sasa anaishi kwa nini. Kwa kila mtu chukueni simu yake na za ndugu wawili, maana laini hubadilika kila mara.

Siku za kazi na pesa

Nendeni wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana. Wakati wa bamvua akina mama wako baharini, na mdadisi anayewasubiri nyumbani atawapata wazee na wageni. Mdadisi mmoja anaweza kufanya mahojiano matano mazuri kwa siku, kila moja dakika 45. Mahojiano 280 ni siku-kazi 56: wadadisi saba, siku nane, yaani maji mafu mawili ya siku nne nne.

Tuseme posho ni 60,000 kwa siku. Hapo ni 3,360,000. Mafunzo siku tatu na jaribio siku moja kwa watu saba ni 1,680,000. Usafiri, mtumbwi na bando la simu tuseme 2,500,000. Jumla 7,540,000 kwa duru moja. Duru mbili ni 15,080,000, na mnabakiwa na 2,920,000 za uchambuzi na mikutano ya mrejesho. Kwa hiyo msitumie milioni 18 zote mwaka huu. Duru ya pili, mwaka mmoja baadaye katika msimu uleule, ndiyo itakayowapa hesabu ya kweli.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa mfano wa namba za kubuni: akina mama wenu walikuwa wakiuza kilo 40 kavu kwa mavuno, mwaka uliofuata 70. Wa vijiji vingine walikuwa 38, wakafika 58. Wenu wameongeza 30, wale 20. Mchango wenu ni kilo 10, si 30. Mkiandika 30, mmejipa zawadi ya kaskazi nzuri.

Wadadisi wasiwe wafanyakazi wenu, na wasivae fulana ya shirika. Mgeni wa pwani hajibiwi kwa ukali. Aliyepewa kamba na wewe hatakwambia usoni kwamba hazikumfaa. Mwenyekiti wa kitongoji awasindikize hadi mlangoni, kisha aage. Mkinga pawepo mdadisi anayejua Kidigo, kwa sababu maswali ya mume na pesa hujibiwa vizuri kwa lugha ya nyumbani. Programu ya KoboToolbox inafanya kazi kwenye simu bila mtandao. Wekeni vizuizi ndani yake ili mdadisi asiweze kuandika kilo 4,000 badala ya 400. Kila jioni msimamizi arudie mahojiano moja kati ya kumi kwa simu.

Kuhusu vibali nitakwenda haraka. Barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii na watendaji wa vijiji. Mkitaka kuchapisha kama utafiti, anzeni Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kabla ya kwenda uwandani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu pia: ombeni ridhaa ya anayehojiwa. Majina nayo yatenganisheni na majibu. Ripoti ya mwaka mnayopeleka kwa Msajili wa NGOs ni jambo jingine. Msichanganye hizo mbili.

Kama mtaongeza vijiji

Hapa mna nafasi ambayo haitarudi. Tuseme mnataka kuingia vijiji sita vipya. Msiviingie vyote pamoja. Andikeni majina ya vijiji kwenye karatasi, muyachanganye mbele ya watendaji wote, na mchukue vitatu vya kwanza. Vitatu vingine vingoje mwaka mmoja. Hakuna anayenyimwa, na hakuna atakayesema mmependelea. Mchumi Michael Kremer na wenzake waliingia kwa zamu namna hiyo Busia, Kenya, na dawa za minyoo: shule 75 ziligawanywa katika makundi matatu, yakaanza kwa zamu 1998, 1999 na 2001. Waligundua pia kwamba hata watoto wasiopewa dawa walinufaika, kwa sababu minyoo ilipungua mtaani. Kwenu ni hivyohivyo: mwanamke wa kijiji cha jirani akiiga chelezo chenu, kijiji chake kitaonekana kimefanikiwa "bila mradi" na mchango wenu utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Weka swali moja kwenye dodoso la vijiji vya kulinganisha: "Njia hii uliiona wapi mara ya kwanza?"

Lakini vijiji vitatu kwa vitatu ni vichache kwa hesabu za takwimu, na msijifanye ni vingi. Vitawasaidia kueleza, havitathibitisha peke yake. Madai ya aina ya "kila shilingi imezaa shilingi tano" yaacheni kabisa. Ili kuyasema ni lazima uondoe kilichokuwa kitokee bila wewe, sehemu ya wengine, na kilichohamishwa tu. Wakala akinunua tani zilezile kila mwaka, kilo za akina mama wenu zinaweza kuwa kilo ambazo mwanamke wa kijiji cha pili amekosa kuuza.

Mkikuta tofauti ni ndogo

Inawezekana kabisa. Msikimbilie kuandika kwamba mradi haukusaidia. Tazameni upana wa makadirio. "Nyongeza ni kilo 4, na ukweli unaweza kuwa popote kati ya kupungua 9 na kuongezeka 17" maana yake hamkuweza kuona. "Nyongeza ni kilo 1, kati ya kupungua 2 na kuongezeka 4" maana yake mmeona, na hakuna kikubwa. Kwa mfadhili hizo ni habari mbili tofauti: ya kwanza inaomba vijiji zaidi, ya pili inaomba mradi ubadilishwe.

Kabla ya kumtumia chochote, rudini vijijini na jedwali la kilo tu, kwenye karatasi kubwa, wakati wa maji mafu, bila maelezo yenu. Waacheni wao waseme kwa nini Kipumbwi imepanda na Moa imeshuka. Mtasikia habari ya kamba zilizooza, ya samaki waliokula mwani, ya wakala aliyebadilisha mizani mwezi wa saba. Namba watakazozikataa rudini nazo kwenye madaftari mzihakiki, kisha ndipo muandike ripoti.